Kusoma kwa Masafa: Ya Kujua Kabla Hujalipa Ada, na Namna ya Kufika Mwisho

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Songea, mkoani Ruvuma. Shahada yangu niliipata nikiwa kazini, kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na sasa jioni na Jumamosi nawasaidia watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wengi wao hawakai mjini. Wako Namtumbo, Mbinga, Tunduru, na mmoja yuko huko Ziwa Nyasa ambako mtandao anaupata akipanda mlimani. Kila dirisha la usajili likikaribia napokea maswali yale yale. "Shikamoo mwalimu, hii ya masafa si ndiyo ile ya kujisomea mwenyewe?" "Mwalimu, si mpaka uwe na kompyuta?" "Na cheti chake kazini kinapokelewa kweli?"

Nimeona ni vyema nijibu kwa kirefu, mara moja, kwa sababu nimewaona watu wenye akili nzuri kabisa wakiishia njiani. Karibu wote hawakushindwa na masomo. Waliingia wakiwa na picha nyingine vichwani, na ile picha ndiyo iliyowaangusha.

Elimu ya masafa ni elimu kamili ambayo mwalimu na mwanafunzi wake hawakutani darasani kila siku, na kwa kuwa hawakutani, kila ambacho mwalimu angekifanya pale mbele kimetafutiwa njia nyingine ya kukufikia. Maelezo yake yameandikwa ndani ya moduli, yaani kitabu cha somo cha kujifunzia. Maswali ambayo angekurushia katikati ya somo yamewekwa katikati ya mada. Kazi yako inasahihishwa na kurudi ikiwa na maoni. Kuna ratiba, kuna mtihani unaosimamiwa, kuna mtu wa kumpigia simu ukikwama. Hayo masahihisho yasipokuwepo, unachonunua ni makaratasi.

Mtaalamu wa elimu Michael G. Moore alianza kulisema jambo hili tangu miaka ya 1970: umbali unaohusika hapa haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa pengo la maelewano lililopo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Linaweza kuwa kubwa hata darasani, kwa mtoto aliyekaa dawati la nyuma ambaye hajaulizwa swali mwaka mzima. Na linaweza kuwa dogo sana kati yangu na yule bwana wa Ziwa Nyasa, kwa sababu yeye huandika, huuliza, hunijibu. Kazi yote ya mwanafunzi wa masafa iko hapo: kutokunyamaza. Mengine yote nitakayoyasema chini yanatoka kwenye neno hilo.

Yanayodhaniwa

La kwanza ni kwamba hii ni elimu ya mtandaoni iliyoletwa na simu janja. Babu zetu waliisoma kabla ya simu. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu waliosoma mbali na chuo mwaka 1858. Hapa kwetu, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakasikiliza, wakajadili malaria na kichocho, kisha wakanyanyuka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, kijitabu kikaeleza, kikundi kikabishana, mikono ikafanya. Sijaona somo la masafa lililopangwa vizuri kuliko lile, na halikuhitaji umeme zaidi ya betri. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aanze shule, vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa kwenye shule za vijiji, wakafundishwa ualimu hukohuko wakiwa kazini, kwa masomo yaliyotumwa, kwa redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ile tulishikwa mkono na walimu hao tukiandika "a" ya kwanza.

La pili linanikera zaidi: kwamba ni elimu ya waliofeli, ya daraja la pili. Chuo Kikuu Huria kimeundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza, na shahada yake ni shahada. Mitihani yangu niliifanyia kituo cha mkoa, kitambulisho mezani, msimamizi akipita kati ya viti. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989, angali mfungwa. Na mtihani wa Baraza la Mitihani wa kidato cha nne haumpi mtahiniwa wa kujitegemea maswali mepesi kwa kumhurumia.

La tatu ni kwamba masafa ni rahisi. Nitasema tu kwamba ni vigumu, ila ugumu wake uko mahali pengine. Kengele ya kukuamsha hakuna.

La mwisho limetokana na mwaka 2020. Shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, walimu walirusha vipindi kwenye runinga na kutuma maswali WhatsApp, na watu wengi wakasema, kumbe hii ndiyo masafa, na haifai. Ile ilikuwa huduma ya dharura. Walimu walijitahidi kwa walichokuwa nacho, nami nilikuwemo, lakini masomo yale yaliandaliwa kwa ajili ya ubao na chaki, na mtoto hakuwa na moduli, wala ratiba, wala mtu wa kumsahihishia. Usiipime elimu ya masafa kwa miezi ile.

Kabla hujalipa

Hapa naomba usome polepole, maana pesa ikishatoka hairudi.

Alikuja kwangu kijana mmoja, fundi simu, amelipa ada kwenye taasisi iliyomwahidi stashahada "ya masafa". Alitumiwa faili za PDF nyingi kwa mpigo, basi. Alipouliza nani atasahihisha, akaambiwa asome tu, mtihani utakuja. Mtihani haukuja. Ada yake ilikuwa ya mwaka mzima wa kazi yake.

Kwa hiyo uliza mambo haya, uulize kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu. Taasisi ina ithibati, yaani kibali rasmi cha kutoa elimu, ya nani? Kwa chuo kikuu Tanzania, jibu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa astashahada na stashahada za ufundi na taaluma ni NACTVET. Wakenya watauliza CUE, Waganda NCHE. Usitosheke na cheti kilichoning'inizwa ukutani. Ingia kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, utafute jina la chuo na jina la kozi, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi unayoitaka ikawa haimo. Kama chuo kiko nje ya nchi, uliza TCU kwanza kama shahada yake itatambuliwa utakaporudi nayo.

Ukimaliza hapo, uliza swali ambalo watu wengi hawaliulizi: nikituma kazi leo, nani anaisahihisha, na inarudi baada ya siku ngapi? Omba uonyeshwe kazi iliyosahihishwa ya mwanafunzi mwingine, jina likiwa limefunikwa. Ukiona alama tu, 14 chini ya 20, hakuna neno lingine, jua umeonyeshwa chuo kilivyo. Ukiona maandishi pembeni, hapo pana mwalimu.

Uliza pia mtihani unafanyikia wapi. Mtu wa Tunduru anayelazimika kusafiri na kulala gesti siku zote za mtihani ahesabu nauli, chakula na malazi ndani ya ada. Ongeza bando, ongeza pesa ya steshenari ya kuchapa moduli. Watu huhesabu ada peke yake, kisha mwezi wa tano wanakwama kwa gharama ya karatasi.

Wewe unayetafuta kidato cha nne, angalia kwanza kama una sifa ya kufanya mtihani huo moja kwa moja au unatakiwa kuanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukichelewa kuna faini, na ukichelewa zaidi ni hadi mwakani. Kwa dada zetu walioacha shule kwa ujauzito, kumbukeni kwamba tangu Novemba 2021 mlango wa shule za kawaida pia umefunguliwa kwenu. Masafa ni njia mojawapo, chagueni inayowafaa ninyi na watoto wenu.

Kuipanga wiki

Kaa na watu wa nyumbani kabla ya kuanza. Hili nalisema kwa kina mama hasa. Usiseme "ninasoma", kwa sababu hakuna anayejua maana yake ni nini kwa sufuria la jioni. Sema: Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu usiku, mimi sipo, nipo mezani, fulani atapika, fulani atamwogesha mdogo. Mume au mkwe akikubali, amekubali kitu anachokiona. Mwanafunzi wangu mmoja wa Namtumbo, mama anayeuza vitenge, alikubaliana na nyumba yake hivyo hivyo, na alfajiri ya saa kumi na moja huwa ameshakaa kitako kabla majogoo hayajamaliza kuwika. Usiku anasema hawezi, macho yanafunga. Basi ni alfajiri. Muda wako uujue mwenyewe.

Vipindi vifupi vinavyorudi kila wiki vina nguvu kuliko Jumapili moja ndefu ya mwisho wa mwezi. Nawashauri jioni au alfajiri zisizopungua nne kwa wiki, saa moja na nusu kila moja, na moja kati ya hizo iwe ya kuandika tu, hakuna kusoma. Wale wanaosema "nitasoma nikipata nafasi" nimewazoea, na nafasi haijawahi kupatikana.

Halafu kuna shamba. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, na Novemba huku Ruvuma ndiyo mvua zinaanza na kila mtu anataka kupanda mahindi. Panga kulima mapema, Septemba na Oktoba, au tafuta vibarua, au zungumza na ndugu mkopeshane nguvu. Mbegu na mtihani vikigongana, mbegu ndiyo hushinda, na simlaumu mtu kwa hilo, kwani mahindi ndiyo chakula cha watoto.

Moduli haisomwi kama gazeti

Gazeti unalipitia, unapata habari, unalikunja. Moduli imeandikwa ikusimamishe. Mwanzoni mwa kila mada kuna malengo. Yasome, uyageuze maswali. Kama lengo ni "kueleza vyanzo vya utata katika tungo", andika juu ya daftari lako: vyanzo vya utata ni vipi? Sasa unasoma ukitafuta kitu. Ukifika penye zoezi dogo katikati ya mada, usiliruke. Pale ndipo mwalimu amekuuliza. Jibu kwa kalamu, hata kama jibu liko ukurasa wa nyuma.

Mada ikiisha, funga kitabu. Chukua karatasi tupu, uandike yote unayoyakumbuka bila kuchungulia. Mara ya kwanza yatatoka machache na utasikia uchungu. Kisha fungua, uone yaliyobaki, uyaongeze kwa wino mwingine. Yale ya wino wa pili ndiyo somo lako la kesho. Kupiga mistari ya rangi kwenye moduli kunafurahisha macho, lakini kichwani hakubaki kitu. Nawaona wenye vitabu vya njano tupu wanaoshindwa kusema sentensi mbili.

Kazi ikirudi

Hiki ndicho kiini, na ndipo wengi wanapoharibu. Kazi inarudi, mwanafunzi anaangalia alama, anafurahi au ananuna, anaiweka kwenye bahasha.

Nitakuonyesha inavyotakiwa kwenda. Yule mama wa Namtumbo alijibu swali la utata hivi: "Utata husababishwa na neno kuwa na maana zaidi ya moja. Mfano, kaa." Nikamwandikia pembeni: "Kweli. Lakini swali linasema katika tungo. 'Kaa' likiwa peke yake siwezi kuona utata wake. Nipe sentensi ambayo nikiisikia nitabaki na maana mbili. Na hiki ni chanzo kimoja, vingine?"

Alama alizopata zilikuwa chache. Angeweza kukasirika. Baada ya siku chache akanitumia picha ya ukurasa mpya. Ameandika: "Nimenunua mbuzi. Msikilizaji hajui kama ni mnyama au ni mbuzi ya kukunia nazi." Chini yake: "Juma amempigia Asha mpira. Huenda amempasia, huenda amepiga kwa niaba yake, huenda amempiga Asha kwa sababu ya mpira. Chanzo ni kauli ya kutendea." Huyo sasa ameelewa. Hajakariri orodha ya vyanzo, amevishika, na swali likija kwa sura nyingine yoyote Novemba atalijibu. Somo lake la utata halikuwa kwenye moduli wala kwenye jibu lake la kwanza; lilitokea kati ya maoni yangu na ukurasa wake wa pili.

Kwa hiyo kila kazi ikirudi, iandike upya. Yote, si penye kosa tu. Ikiwezekana itume tena, na mwalimu mwenye moyo ataisoma. Asipoisoma, mpe mwenzako mnayesoma naye. Na kama maoni hayaeleweki, uliza yanamaanisha nini. Hiyo ni haki yako, umeilipia.

Kuuliza

Watu wazima wanaona aibu kuuliza. Wengine wana cheo kazini, wengine wana wajukuu. Naelewa, ila aibu hiyo ndiyo ukimya nilioutaja mwanzo, na ukimya ukizidi wiki tatu, kurudi kunakuwa kugumu. Ukiwa umekwama na huna hata swali, tuma ujumbe huohuo: "Mwalimu, nipo, nimekwama mada ya tatu, sijajua niulize nini." Unatosha. Mimi nitajua pa kuanzia.

Lakini ukiweza, uliza swali lenye mahali. "Sijaelewa fasihi simulizi" siwezi kulijibu kwenye simu. "Ukurasa huu, mfano wa pili, wamesema hiki ni kitendawili, mimi naona ni fumbo, tofauti ni ipi?" nitalijibu papo hapo, na wewe mwenyewe unapoliandika utakuta nusu yake umeshalijibu. Tumia simu uliyo nayo. Kitochi kinapiga na kinatuma ujumbe, na nina wanafunzi waliofika mtihani kwa kitochi na moduli za kuchapa.

Tafuta wenzako wawili au watatu wa karibu, wanaosoma kitu kilekile. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili linatuma salamu za asubuhi na matangazo ya harambee. Watu watatu wanaokutana Jumamosi chini ya mwembe, kila mmoja akiwa amejiandaa kuwafundisha wenzake mada moja, wanafika mbali. Ndiyo ile ya vikundi vya redio.

Miezi miwili kabla ya mtihani

Pata karatasi za mitihani iliyopita, za Baraza au za chuo chako. Usizisome. Zifanye, kwa saa zilezile tatu, simu imezimwa, mlango umefungwa, kalamu ileile utakayoingia nayo. Mkono wa mtu mzima ambaye hajaandika kwa muda mrefu huuma baada ya saa moja, nao unahitaji mazoezi kama kichwa. Mpe mtu asahihishe. Fanya nyingine. Nenda ukakione kituo cha mtihani kabla ya siku yenyewe kama hukijui, na hakikisha jina kwenye usajili ni lile lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mwanahawa na Mwanahawaa ni usumbufu wa asubuhi nzima.

Na mwaka ukikugeuka, ukauguliwa, ukahamishwa kazi, ukajifungua, usipotee. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka. Andika barua au barua pepe kabla tarehe ya mtihani haijapita, eleza sababu, ambatanisha hati ya hospitali au ya mwajiri, omba jibu la maandishi, na nakala ya kila kitu uihifadhi. Kazi ulizokwisha kuzifanya uliza kama zitahesabiwa utakaporudi, na zitahesabiwa hadi lini, kwa sababu kila chuo kina ukomo wake wa miaka. Kisha mjulishe mwalimu wako anayekusahihishia, kwa simu, kwa sauti yako.